JUU YA NINI NAPENDA ILE NDEGE BULLDOG



Katika kurasa hizi tumekwisha kusoma habari za mpira, za kwaya, za chakula cha internat, na za Examen d'Etat. Leo naomba ruhusa nizungumze habari ya ndege moja ya zamani. Jina lake ni Bristol Bulldog. Bulldog ni aina ya mbwa, mfupi, wa uso wa kukunjamana, asiyeachilia kitu akikiuma. Ndege hii iliundwa Uingereza, katika mji wa Bristol, ikaruka mara ya kwanza tarehe 17 Mei 1927. Ilikuwa ndege ya kupigana, ya mtu mmoja, yenye mabawa mawili, moja juu na moja chini.

Najua wengine watasema: "Kapita wetu amekosa maneno ya kuandika." Si vile. Niko mwaka wa sita, nimefikisha miaka 18, na kuna mambo matatu ninayoyafikiri sana kabla ya kutoka hapa: namna kazi nzuri inavyofanywa, namna mtu anavyoshika sheria, na kama mkristo anaweza kupenda kitu kilichoundwa kwa vita. Yote matatu nimeyakuta ndani ya hii ndege. Nitayafuata moja moja.

MOTERE YA MAJI NA MOTERE YA UPEPO

Baba yangu mkubwa ni shofere wa kamiyo katika barabara ya Uvira na Bukavu. Wenye kuijua ile barabara wanajua mlima wa Ngomo. Kamiyo ikiwa na mzigo, inapanda polepole, mara radiatere inaanza kuchemka, na boyi anashuka mbio na bidoni ya maji. Baba mkubwa hupenda kusema kwamba motere bila maji ni chungu juu ya moto. Lakini mwenye pikipiki anampita pale pale pasipo bidoni yoyote. Motere ya pikipiki haina radiatere. Silinda yake iko na mapezi ya chuma, nyembamba kama kurasa za kitabu, na upepo wa njiani ndio unaoipoza.

Basi, waundaji wa ndege wa zamani waligawanyika namna hiyo hiyo. Wengine walishika motere ya maji. Hata ndege nne za Wabelgiji zilizoletwa katika ziwa Tanganyika, karibu na Kalemie, katika mwaka 1916, zilikuwa na motere za maji. Motere ya namna ile inaweza kufanywa nyembamba, ikapasua upepo vizuri. Lakini inabeba radiatere, mipira, na maji yenyewe, na vyote hivyo ni uzito. Tena tundu moja dogo la risasi linatosha: maji yanamwagika, motere inakufa.

Wengine walishika motere ya upepo. Wao walipanga silinda kwa duara, kama miale ya nyota, kuzunguka mti mmoja wa chuma wa kati. Wafaransa wanaiita motere ya nyota. Kila silinda inapata upepo wake mbele, hakuna moja inayojificha nyuma ya nyingine. Katika vita kuu ya kwanza kulikuwa na motere za duara ambazo zilizunguka zenyewe pamoja na helisi, lakini hii ninayoisema imesimama imara. Paka mti wa kati na helisi ndivyo vinavyozunguka. Ni motere fupi, nyepesi, rahisi kutengeneza. Ubaya wake ni uso mpana unaosukumana na upepo.

Motere ya Bulldog iliitwa Jupiter. Ilikuwa na silinda 9. Mtu atauliza: juu ya nini 9, si 8? Jaribu mwenyewe. Andika namba 1 mpaka 9 kwa duara juu ya karatasi. Motere ya namna hii inahitaji mizunguko miwili ili kila silinda iwake mara moja. Anza kwa 1, ruka moja, halafu ruka moja tena: 1, 3, 5, 7, 9, kiisha 2, 4, 6, 8, na unarudi kwa 1. Umepita zote, nafasi zimelingana, motere inavuma sawasawa. Sasa fanya vile kwa 8: 1, 3, 5, 7, na umerudi kwa 1; hizi 2, 4, 6, 8 hazikupata zamu yao. Siku nilipofahamu jambo hili nilicheka peke yangu ndani ya darasa. Hesabu ndogo ya mtoto wa shule ya msingi iko ndani ya motere yenye nguvu za farasi 440!

KAZI ISIYOTUPWA

Jupiter yenyewe karibu ife ikiwa changa. Mwenye kuiwaza ni injinia Roy Fedden, na motere ya kwanza ilikuwa tayari katika mwaka 1918, vita ikiwa mwishoni. Vita ilipokwisha, nani angetaka motere ya ndege? Kampuni yake, jina lake Cosmos, ilianguka katika mwaka 1920. Serikali ya Uingereza ikasukuma kampuni ya ndege ya Bristol iinunue kazi ile pamoja na watu wake. Bei ilikuwa pauni 15.000. Katika mwaka 1921 Jupiter ilishinda majaribio ya serikali, na kampuni ya Kifaransa Gnome et Rhône ikaomba ruhusa ya kuiunda kwao. Kiisha nchi nyingine zikafuata, zaidi ya kumi. Kile kilichouzwa kama mabaki kikawa mojawapo ya motere zilizojulikana sana duniani.

Mwenye kuwaza ndege yenyewe aliitwa Frank Barnwell. Wakati ule jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na haya. Katika mwaka 1926 lilipata ndege ya kubeba bomu iliyoitwa Fairey Fox, na kumbe ndege zao za kupigana hazikuweza kuifukuza! Mlinzi wa shamba akishindwa mbio na mwizi, shamba ni la nani? Ndipo serikali ikataka ndege mpya ya kupigana, yenye motere ya upepo, bunduki mbili za rashasha, na uwezo wa kulinda mchana na usiku.

Kampuni nyingi zilishindana. Kampuni ya Bristol iliunda ndege ya kwanza kwa feza yake yenyewe. Mifupa yake haikuwa ya mbao kama za zamani, bali ya vipande vyembamba vya chuma kigumu, vilivyokunjwa kama mabati na kupigiliwa misumari, halafu vikafunikwa kitambaa. Bati lililonyooka linapinda mkononi, lakini ulikunje mikunjo midogo, linabeba mtu. Siri ni ile ile.

Hapa ndipo inakuja sehemu ninayoipenda kupita zote. Ndege ile ya kwanza ilikuwa na ugonjwa. Ikianguka kwa kuzunguka, kama jani linaloanguka toka mti, haikukubali kutoka katika mzunguko ule vizuri. Hii ni hatari ya kufa. Mafundi wakaongeza ukubwa wa mkia. Ugonjwa ukapona. Lakini dawa ikaleta ugonjwa mwingine: chini katika uwanja, upepo wa ubavuni ulishika ule mkia mkubwa, ndege ikakataa kufuata njia. Wangeweza kusema: "Inatosha, rubani atazoea." Hawakusema vile. Walirudisha mkia mdogo, kisha wakarefusha mwili wa ndege. Fikiri wembe wa jembe wenye mpini mrefu: mkono ukiwa mbali, nguvu ndogo inafanya kazi kubwa. Hivyo mkia mdogo, ukiwa mbali zaidi, ulitosha. Ndege hii ya pili iliruka tarehe 21 Januari 1928, na magonjwa yote mawili yalikuwa yamekwisha.

Mwishoni walibaki wawili katika mashindano, Bulldog na Hawfinch ya kampuni ya Hawker. Zilikaribiana sana. Bulldog ilichaguliwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kutunzwa na kutengenezwa. Vijana wenzangu, tuandike jambo hili moyoni. Sisi tunasifu paka kitu kinachong'aa na kinachokimbia. Wale waamuzi walifikiri pia habari ya fundi, yule mwenye mikono ya mafuta, anayeamka asubuhi kabla ya rubani.

Jeshi liliagiza 25 kwanza, na katika mwaka 1929 kikosi cha 3 kikaanza kuzitumia. Kwa jumla ziliundwa 443, kwa Uingereza na kwa nchi nyingine kama Finland, Sweden, Denmark, Latvia, Estonia na Australia. Zilikimbia karibu kilometa 280 kwa saa, zikaweza kupanda karibu metre 8.900, ndiyo sababu rubani alibeba hewa ya kupumua. Zilikuwa pia na radio. Kwa miaka ile ilikuwa ajabu.

Lakini ajabu ya dunia haidumu. Katika mwaka 1930 hivi ikatoka ndege ya bomu Hawker Hart, yenye motere ya maji, na ile ilikimbia kuliko Bulldog. Yaani mwizi alimshinda mlinzi tena. Mpaka mwaka 1937 Bulldog zilikuwa zimetolewa katika vikosi vya Uingereza. Anayedhani kazi yake ni ya mwisho na hakuna atakayempita, amsikie huyu mbwa.

SHERIA NA UZITO

Jambo la pili ni sheria. Mimi kama kapita napiga kengele, nazima taa, nakataza watu kuruka ukuta. Najua kwamba wengine wananiita majina mabaya. Si neno. Lakini sikilizeni habari ya Douglas Bader.

Bader alikuwa rubani kijana, miaka 21, hodari sana katika michezo ya angani. Kikosi chake cha 23 kilitumia ndege iliyoitwa Gamecock, nyepesi, yenye kugeuka kama mbayuwayu. Halafu wakapewa Bulldog. Bulldog ilikuwa nzito zaidi. Ukiizungusha juu ya ubavu, yaani kulala chali na kurudi, inashuka chini kuliko Gamecock. Kwa hiyo marubani walikatazwa kufanya michezo ile karibu na ardhi.

Tarehe 14 Desemba 1931 Bader alikuwa katika uwanja wa Woodley, karibu na mji wa Reading. Vijana waliokuwa pale wakamchokoza awaonyeshe mchezo. Akapanda ndege yake, akapita chini sana juu ya uwanja, akaizungusha. Ncha ya bawa la kushoto ikagusa majani. Mambo yakaisha kwa nukta moja. Waganga waliokoa maisha yake, lakini alikatwa miguu yote miwili, mmoja juu ya goti, mwingine chini ya goti.

Namna gani nafahamu habari hii? Sioni kwamba Bader alikuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari, na uhodari ulimdanganya. Ile sheria haikutoka katika wivu wa wakubwa. Ilitoka katika uzito wa ndege. Ukiidharau sheria ya namna hiyo, si mkubwa wako unayemdharau, ni uzito, na uzito hausikii maombi ya rafiki wala makofi ya watazamaji. Tena tuone: aliyeanguka ni mmoja, lakini waliochokoza walikuwa wengi, nao walirudi nyumbani kwa miguu yao. Wewe unayemwambia mwenzako "Ruka basi, ama unaogopa?", je, utampa mguu wako?

Kwa upande mwingine, habari hii inatufundisha sisi makapita na wakubwa. Sheria pasipo sababu inaonekana kama fimbo tu. Tukikataza, tuseme juu ya nini. Mtu akijua kwamba ndege ni nzito, ataogopa ardhi hata wakati kapita hayuko.

Na Bader hakukaa chini kulia. Alijifunza kutembea kwa miguu ya bandia pasipo fimbo. Jeshi lilimwondoa, lakini vita ilipoanza katika mwaka 1939 alirudi, akaongoza kikosi angani, akashikwa na Wajerumani katika mwezi wa Agosti 1941, akawa mfungwa mpaka mwaka 1945. Baada ya vita aliwasaidia sana vilema, na kwa kazi hiyo alipewa heshima kubwa na malkia wa Uingereza katika mwaka 1976. Kumbe mtu aweza kuanguka kwa kiburi na kusimama kwa bidii. Lakini miguu haikurudi.

JE, MKRISTO ANAWEZA KUPENDA NDEGE YA VITA?

Sasa jambo la tatu, na ndilo gumu. Rafiki mmoja wa mwaka wa tano aliona picha niliyochora ya Bulldog, akaniuliza: "Kapita, wewe unaongoza maombi ya asubuhi. Juu ya nini unapenda kitu cha kuua watu?"

Sikumjibu upesi. Sisi watoto wa Kivu hatuhitaji profesa wa kutufundisha vita. Tangu mwaka 1996 jimbo letu limeionja mara nyingi, na katika kila darasa la shule hii kuna benchi lenye mwanafunzi aliyepoteza mtu. Kwa hiyo sitasema kwa urahisi, kama wengine wanavyosema, kwamba chuma hakina zambi na zambi ni ya mkono tu. Si kweli kwa Bulldog. Zile bunduki mbili hazikuwekwa kwa bahati. Ndege nzima iliwazwa kuzizunguka.

Nilimfikiri pia Barnwell mwenyewe. Alitumia maisha yake kuwaza ndege, nyingi zikiwa za vita. Ndugu yake Harold, waliyeanza naye kazi, alikufa katika mwaka 1917 akijaribu ndege. Frank naye alikufa tarehe 2 Agosti 1938 katika ndege ndogo aliyoiwaza mwenyewe. Na watoto wake wanaume watatu walikufa wote katika vita kuu ya pili, wote wakiwa katika jeshi la anga. Ninaposoma hayo naweka kalamu chini. Mama yao alibaki na nini?

Lakini kuna upande mwingine ambao siwezi kuuficha, maana nao ni kweli. Waingereza wenyewe hawakupigana vita na Bulldog hata moja. Waliopigana nazo ni wengine, kama Wafini. Tarehe 30 Novemba 1939 nchi yao ndogo ilishambuliwa na Urusi ya Wasovieti, taifa kubwa mno kuliko wao. Walikuwa na Bulldog chache, zimekwisha kuzeeka, na walizirusha. Mtu anayelinda mlango wa nyumba yake si sawa na anayevunja mlango wa jirani. Katika jimbo letu tunaijua tofauti hiyo.

Tena kuna Jupiter. Motere ile ile iliyovuta Bulldog ilivuta pia ndege kubwa za abiria zilizoitwa Handley Page H.P.42, kila moja na Jupiter nne. Katika miaka ya 1930 zilitumika kati ya Cairo na Kisumu, pale kando ya ziwa Victoria, zikibeba watu na barua. Katika kazi ile ya kiraia, kabla ya vita, hakuna abiria aliyekufa ndani yake. Silinda 9, hesabu ile ile ya 1, 3, 5, 7, 9, lakini mbele hakuna bunduki, nyuma kuna mfuko wa barua. Na ndege ndogo za misheni, ambazo zimebeba wagonjwa na dawa katika nchi yetu, nazo zinapozwa na upepo.

Hivyo nilimjibu rafiki yangu namna hii. Sipendi kusudi la Bulldog. Napenda kazi iliyo ndani yake. Nampenda fundi aliyekataa dawa yenye kuleta ugonjwa mwingine. Nawapenda waamuzi waliomkumbuka mtengenezaji. Napenda ile hesabu ya namba zinazorukana. Vitu hivi si mali ya vita. Vita iliviazima, maana vita inalipa upesi, na ninaogopa kwamba katika nchi yetu pia vijana wenye akili wataazimwa namna hiyo, kama hakuna mwingine wa kuwapa kazi.

Rafiki yangu alitikisa kichwa, akasema: "Basi nenda uunde ile ya barua." Ni neno zuri, nami nimelichukua. Nikishinda Examen d'Etat nataka kusoma ufundi wa motere. Jamaa wengine nyumbani wanasema ni kazi ya mikono michafu. Mafuta yanatoka kwa sabuni.

Kwenu mnaobaki, nawaomba mambo madogo. Someni hesabu pasipo kuuliza kila siku itatumika wapi. Mkirekebisha kitu na kukawa na kasoro mpya, msiseme inatosha. Refusheni mwili wa ndege. Na anayekuchokoza uruke chini ya kimo ulichokatazwa, mwache azungumze. Bwana awatunze wote, walimu na wanafunzi, katika mwaka huu wa masomo.

Kapita wenu, mwaka wa sita.